Jiwe langu na jiwe la baba yako

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa uani peke yangu. Unataka kujua mimi na baba yako tulikutana wapi, na nilijuaje kwamba ndiye, maana ukimuuliza yeye anakujibu "kwenye foleni" basi, anaongeza sauti ya redio. Amekwambia kweli. Ila yaliyotangulia kukutana yalikuwa mawe yetu.

Miaka ile hukuiona. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Ikapita, na mikanda haikulegea. Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mgeni Morogoro, nimepanga chumba Mji Mpya, simjui mtu. Sabuni, sukari, dawa ya meno, vitenge, vyote ni mpaka duka la kaya, lile la mgao, kwa kadi, siku vikija. Ikivuma jioni kwamba gari limeshusha mzigo, foleni inapangwa usiku huohuo. Huwezi kulala barabarani, kwa hiyo unaweka jiwe, na jiwe ndiyo wewe. Wengine waliweka kopo, wengine kandambili iliyokatika. Langu lilikuwa kipande cha tofali ambalo halikuiva vizuri, lenye alama ya kidole gumba cha mfyatuaji. Nilikuwa nikilipapasa gizani na kulitambua.

Mbele yangu, mara nyingi, palikuwa na jiwe jeupe la mtoni, laini kama yai. Mwenyewe sikuwahi kumjua, kwa sababu alikuwa shifti ya usiku kiwandani na alilichukua jiwe lake alfajiri kabla sijafika.

Usiku mmoja wa masika mvua ilinyesha Uluguru yote, maji yakashuka mjini yakafanya barabara kuwa mto. Nimefika saa kumi na mbili asubuhi, kanga imenigandia mwilini, tofali silioni. Foleni yenyewe imevurugika, kila mtu anadai mahali pake. Mara namwona kijana mrefu, mwembamba, kashika tofali langu kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Nilipandwa na hasira. Nikamwuliza, "Kaka, jiwe langu linafanya nini mkononi mwako?"

Akasema, "Maji yalikuwa yanalichukua, dada. Nafasi yako hii hapa, nyuma yangu."

Waliokuwa nyuma wakapiga kelele kwamba jiwe lililosombwa halina mwenyewe, nirudi mwisho. Hakubishana nao. Alisogea kando kidogo tu, nikaingia, akarudi mahali pake. Ndipo nilipoona mkono wa shati lake jeupe umekuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko, tofali limemchafua. Mwanangu, hakuwa ananijua hata jina. Hakujua kama mwenye tofali ni msichana au bibi kizee. Hilo nimelifikiria miaka yote hii na bado linanigusa.

Sabuni ikaishia kwake. Mche mmoja wa mwisho, na mimi ninayefuata mikono mitupu. Akaomba uzi kwa mama mmoja aliyekuwa na kapu la kushonea, akauzungusha kwenye mche, akauvuta taratibu huku anauma mdomo, ukakatika vipande viwili. Akanipa kimoja. Nilitaka kulipa nusu ya bei, akapokea bila maneno, na hilo nalo nililipenda, kwa sababu hakutaka niwe na deni lake.

Nikamwambia alete lile shati nimfulie, doa ni la tofali langu. Alikaa siku mbili, akalileta limefungwa kwenye gazeti la Uhuru. Nililifua kwa ile nusu mche, nikarudia. Doa halikutoka lote.

Lakini umeniuliza nilijuaje, na siwezi kukudanganya kwamba nilijua siku ile. Nilimwona mtu mwema, basi. Tukasalimiana kwa miezi, tukatembea mpaka sokoni na kurudi. Nilijua Aprili 12, 1984, siku aliyofariki Waziri Mkuu Sokoine kwa ajali ya gari akitoka Dodoma, mkoani kwetu hapahapa Morogoro. Mwalimu mwenyewe alitangaza redioni. Tulikuwa tumesimama nje ya duka moja, watu wengi, kimya. Wanaume wengi waliinamisha nyuso. Baba yako alilia waziwazi, machozi yanamtiririka, wala hakuyaficha kwangu wala kwa wenzake wa kiwandani waliokuwa pale. Kisha akanisindikiza mpaka mlangoni, akasimama mbali kidogo kwa heshima mpaka nilipowasha taa. Usiku ule nililala nikijua.

Mengine unayajua kwenye picha. Mshenga alipanda mpaka Upareni na barua ya posa, na babu yako akakwama kwenye jambo moja ambalo hakuna aliyelitegemea. Sisi Wapare mtoto ni wa ukoo wa baba. Waluguru, kwa kina baba yako, mtoto ni wa ukoo wa mama. Babu akauliza, "Sasa wajukuu hawa, kila upande si utawapeleka kwa mwenzake? Watakuwa wa nani?" Wazee walikaa siku nzima juu ya swali hilo. Baba yako aliposikia alisema watakuwa na kwao kuwili, na bibi yako ndiye aliyelikubali neno hilo kwanza. Tukafunga ndoa mwaka 1985.

Shati lile lilichakaa. Kaka yako mkubwa alipozaliwa nilimkatia mawinda, pamoja na mkono wenye doa. Tofali lilimeguka-meguka kwenye kuhama nyumba. Jiwe jeupe unalijua tangu unatambaa, ndilo linaloshikilia mlango wa jikoni, lile ulilokuwa unavunjia kungu. Baba yako alilileta siku ya kwanza tulipohamia, ndani ya mfuko wa turubai, kabla ya kitanda.

Mama yako