Mdogo wangu, nenda kiwandani kwanza

Nimesoma swali lako mara mbili. Umemaliza uhandisi mitambo na una barua mbili mkononi: moja ya kitengo cha matengenezo kwenye kiwanda cha saruji, nyingine ya uchambuzi katika kampuni ya ushauri hapa Dar, yenye mshahara mnono zaidi. Unataka siku moja uwe mshauri wa kuboresha utendaji wa viwanda na migodi, na unauliza njia ipi itakufikisha. Kazi hiyo ninaifanya mwaka wa 14 sasa. Nenda kiwandani.

Mimi nilipita njia ile nyingine, na kuna kisa bado kinaniuma. Nikiwa na mwaka mmoja tu kazini nilipelekwa kwenye mgodi wa dhahabu wa shimo la wazi, Kanda ya Ziwa. Mawe yanayofika krasha, yaani mtambo wa kusaga mawe, yalikuwa pungufu ya mpango. Maishani mwangu sikuwa nimefanya kazi ya zamu hata siku moja. Nikajifungia ofisini na takwimu za mfumo wa kufuatilia magari, nikaona kwamba kila zamu inapobadilishana, kila dampa, lile lori kubwa la kubeba mawe, linasimama wastani wa dakika 50. Madampa 10, zamu 2 kwa siku, hizo ni dakika 1,000, karibu saa 17 za gari kila siku. Na dampa la tani 100 likibeba mawe yenye gramu 2 za dhahabu kwa tani, safari moja ina gramu 200 kabla ya upotevu wa kiwandani. Nikaamini jibu ninalo. Nikaandika kwamba maopereta wanachelewa kuanza kazi, nikapanga jedwali lao kuanzia mwenye kasi hadi wa mwisho, namba zao za kazi zikiwa wazi, nikaliwasilisha mbele ya menejimenti.

Wa mwisho alikuwa mzee aliyeanza kuendesha mitambo mikubwa mimi nikiwa shule ya msingi. Wiki hiyohiyo akapewa barua ya onyo.

Meneja wa shimo akanitaka nipande dampa usiku mzima kabla ya kuandika pendekezo lolote. Nikapangiwa na mzee yuleyule. Ilipokaribia saa 12 asubuhi likaja boza la mafuta, wakati uleule zamu inabadilishana. Magari yote yakapanga foleni kwenye boza moja. Yaliyokwisha kujaza yakasubiri fundi mmoja, peke yake, akague breki na matairi. Maopereta wa zamu mpya walikuwa wameshakaa kwenye usukani, hakuna aliyechelewa. Na mzee alikuwa wa mwisho kwa sababu alipangiwa kumwaga kifusi upande wa mbali, barabara yenye mawe makali, naye alikuwa akienda polepole ili asichane matairi. "Kijana," akaniambia, "umepima gari, barabara hukuipima."

Niliomba barua ile ifutwe, ikafutwa. Boza likahamishiwa muda wa chakula, akaongezwa fundi wa pili saa ya kubadilishana, na greda ikaanza kupita barabara ile kila siku. Baada ya mwezi na nusu, dakika 50 zikawa 22. Mzee aliendelea kuitikia salamu yangu, basi. Mazungumzo mengine hakunipa tena hadi mkataba wetu ulipokwisha, na sikumlaumu.

Hesabu za kazi hii si ngumu. Kipimo utakachokutana nacho kila mahali kilitoka kwa Mjapani Seiichi Nakajima: unachukua asilimia ya muda ambao mtambo ulipatikana, unazidisha kwa kasi yake ukilinganisha na kasi iliyokusudiwa, kisha kwa sehemu ya bidhaa iliyotoka nzuri. Asilimia 85, 80 na 95 kila moja inapendeza ikiwa peke yake. Zizidishe upate kama 65, yaani theluthi nzima ya uwezo wa mtambo imepotea na hakuna idara inayojiona na kosa.

Ila hesabu hiyo haitakwambia kila kitu, na hapo ndipo kiwanda chako cha saruji kitakufaa. Tanuru la klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji, huchoma malighafi kwenye joto la karibu nyuzi 1,450. Ndani limejengewa matofali ya kuhimili moto, na kila linapopoa na kupashwa upya matofali yale huchoka na kupasuka. Kwa hiyo tanuru lililosimama mara 5 kwa saa 2 limeumia kuliko lililosimama mara moja kwa saa 10, ingawa kwenye ripoti ya mwezi yote mawili yameandikwa saa 10. Ukishawahi kuitwa saa 8 usiku kwa sababu matofali yamedondoka ndani na ganda la chuma la tanuru limeanza kuwa jekundu, hutaisahau tofauti hiyo.

Kuhusu soko usiwe na hofu. Tangu kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini, migodi inatakiwa kutoa kipaumbele kwa huduma za wenyeji, na mshauri anayezungumza na opereta Kiswahili cha kawaida anasikia mambo ambayo mkalimani hayafikishi. Muda wako kiwandani utumie pia kumaliza mafunzo ya vitendo ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Huku kwenye ushauri ni vigumu sana kupata mhandisi wa kukusimamia, mimi nilihangaika.

Ukiripoti, omba upangiwe tanuruni, zamu ya usiku ukiweza. Nunua daftari dogo na kwa mwezi wa kwanza andika kila mtambo unaposimama: saa ngapi, nani alikuwepo, na yeye anasema ni kwa nini. Ukimaliza mwezi nitafute, tulipitie pamoja.