Kwanza hadhi, ndipo medali

Mmeuliza wiki hii: marubani wanawake waliotumika vitani waenziwe kwa sanamu au kwa medali? Mimi nasema kabla ya vyote viwili waandikwe wanajeshi, tena kwa maneno yasiyoacha mwanya. Tazameni WASP, kikosi cha marubani wanawake wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Wanawake 1,074 walihitimu mafunzo ya kikosi hicho. Walitoa ndege mpya viwandani na kuzifikisha vituoni, walijaribu zilizotoka matengenezoni, na walivuta shabaha ya kitambaa nyuma ya ndege huku wapiga mizinga wa chini wakifanya mazoezi kwa risasi za kweli. Walikufa 38. Ila waliajiriwa kama raia, na Juni 1944 Bunge lilikataa muswada wa kuwaingiza jeshini. Kwa hiyo rubani akianguka, hakuna bima ya jeshi, hakuna bendera juu ya jeneza. Hata nauli ya kurudisha maiti nyumbani wenzake waliichanga.

Kikosi kilivunjwa Desemba 1944, kumbukumbu zake zikafungiwa kama siri. Katikati ya miaka ya 1970 Jeshi la Anga likatangaza kwamba kwa mara ya kwanza linafundisha wanawake kurusha ndege zake. Walioruka miaka 30 nyuma wakawaka, wakaenda Bungeni. Walichoshika mkononi ni karatasi: hati ya mmoja wao ya kuachishwa kazi, yenye maneno yale yale ya hati za wanaume waliokuwa jeshini. Novemba 1977 Rais Carter akatia saini sheria ya kuwatambua.

Mwanya ulikuwa humo humo. Sheria iliwahesabu kuwa wanajeshi kwa mafao ya idara ya maveterani tu, na Arlington, makaburi ya kitaifa ya wanajeshi, yako chini ya Jeshi la Nchi Kavu. Mwaka 2010 walitunukiwa medali ya dhahabu ya Bunge. Mwaka 2015 jeshi likaamua majivu ya miili yao iliyochomwa hayaruhusiwi Arlington. Familia ya Elaine Harmon, mmoja wa marubani hao, aliyefariki Aprili mwaka huo, ilikaa na majivu yake nyumbani hadi sheria nyingine ilipopita Mei 2016. Alizikwa huko Septemba.

Basi sheria ya namna hii itaje mazishi kwa jina, na itaje kila taasisi inayohusika. Familia nazo zisitupe kitabu cha safari za ndege, barua ya ajira wala hati ya kuachishwa kazi.