Zuu inasaidiaje wanyama wa porini?

Umeuliza mtu akishamwona gorila kwenye zuu akarudi zake nyumbani, huko porini kunabadilika nini. Kwa kweli huruma peke yake haitoshi, mtu inabidi apewe kitu cha kufanya, tena kidogo na rahisi, kabla hajatoka getini. Mfano mzuri kabisa ni zuu ya Melbourne kule Australia, waliwaambia wageni leteni simu zenu za zamani zikachakatwe upya, kwa sababu ndani ya simu kuna madini yanayotokana na koltani (aina ya mawe yenye madini), na koltani nyingine inachimbwa mashariki ya Kongo kwenye misitu ileile wanakoishi gorila. Yaani unamwangalia mnyama machoni halafu unagundua simu iliyo mfukoni mwako inamhusu, hiyo huisahau! Jumba la kuonyesha samaki la Monterey Bay kule California nao (wao ni wa viumbe wa baharini, ila mambo ni yaleyale) tangu 1999 wanaelekeza watu samaki gani wanunue na gani wawaache, ili wa baharini wasije wakaisha. Mabango ya jina la kisayansi na uzito sidhani kama yanamgusa mtu, bora hata mhudumu anayemlisha huyo mnyama asimame asimulie, na watu wamuulize wasaidie vipi.