Hela ya mnada wa korosho idumu mpaka Agosti

Ukitaka kujua ni kaya ipi ya wakulima wa korosho Tandahimba au Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania, ina akiba, usiichungulie Novemba, hela ya mnada ikiwa imeingia. Novemba kila nyumba ina redio mpya na bodaboda hazishikiki. Ipitie mwishoni mwa Februari: mahindi ya ndani yanakata, shamba limeota majani mpaka kiunoni, na mnada mwingine uko mbali.

Hamasa ya kuweka akiba hujaa Machi, mtu akiwa hana kitu cha kuweka. Inayeyuka Novemba, hela ikishaingia. Ndiyo maana maamuzi ya hela ya korosho yafanyike Agosti au Septemba, korosho zikiwa bado juu ya mti, na yaandikwe kwenye daftari mume na mke wakiwa wamekaa pamoja. Atakayeanza kupanga akiwa ameshasoma meseji ya benki amechelewa.

Anza na miezi, bei ya mnada ije baadaye. Chora mistari kumi na miwili, kila mwezi mstari wake. Januari ni shule: ada ya sekondari imefutwa, lakini sare, viatu, madaftari na godoro la anayekwenda bweni havijafutwa. Januari mpaka Machi ni palizi na chakula. Mei mpaka Agosti ni kupulizia mikorosho dawa. Juni na Julai ni shughuli, maana jando na unyago vinafuata likizo ya shule. Ufuta unaingiza kidogo kati ya Mei na Julai, mbaazi kuanzia Agosti. Kila mstari uandikie kiasi. Usipojua, kadiria juu.

Kupulizia ndiko wengi wanakokadiria chini. Salfa ya unga ni robo kilo kwa mti kwa mzunguko mmoja, na mizunguko hufika minne au mitano, ikipishana wiki mbili hadi tatu. Miti 100 mizunguko mitano ni kilo 125, yaani mifuko mitano ya kilo 25. Hata msimu ambao salfa inakuja kwa ruzuku, petroli na oili ya bloa (mashine ya kupulizia), kukodi mashine na kumlipa mpulizaji vinatoka mfukoni. Akaunti ikiwa imekauka, mzunguko wa tatu unarukwa, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unakaa kwenye maua, na msimu unaofuata unavuna nusu. Hela iliyoliwa Desemba inakukata tena Oktoba.

Sasa mfano. Bei ni za kukokotolea tu, weka za kwenu. Kaya ya watu sita ina miti 100, imevuna kilo 900, na baada ya makato yote ya ushuru, chama na ghala inabaki na shilingi 2,500 kwa kilo. Jumla 2,250,000. Lakini kwa stakabadhi ghalani, yaani korosho zinawekwa ghalani na kuuzwa mnadani, hela hiyo haiji siku moja. Inakuja kwa mafungu, kulingana na mnada ambao mzigo wako umeingia. Tuseme yanakuja mafungu matatu: milioni moja, kisha 750,000, kisha 500,000. Kosa kubwa tunaloliona ni kulichukulia fungu la kwanza kama la sherehe kwa sababu "mengine yanakuja". La mwisho mara nyingi ndilo dogo na ndilo linalochelewa, na korosho za mwisho wa msimu, zikishanyeshewa, ndizo zinazoangukia daraja la pili.

Fungu la kwanza lilipe madeni yote, 300,000. Shule 250,000. Chakula cha kujazia miezi minne, gunia mbili na nusu za mahindi, 200,000, zinunuliwe wiki hiyo hiyo kabla bei haijapanda. Raha na ukoo 100,000: kanga, kuku, na cha kumpa mjomba. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, mjomba ana sauti, na mpango usiomtaja utavunjwa na mjomba. Raha nayo tumeiweka mwanzoni kwa makusudi, kwa sababu kaya iliyojinyima kila kitu wiki ya kwanza hulipuka wiki ya tatu. Zinabaki 150,000, zianzishe fungu la shamba.

Fungu la pili liongeze 250,000 kwenye shamba, lifike 400,000. Dharura 200,000. Zinazobaki 300,000 ziingie kwenye "mshahara". Fungu la tatu liongeze 300,000 kwenye mshahara huo, na 200,000 ziende kwenye maendeleo.

Mshahara ni 600,000 ambazo kaya inajilipa 60,000 kila tarehe moja kwa miezi kumi: chumvi, sabuni, mafuta ya kula, sukari, nauli. Hapa ndipo mkulima anapofanana na mwalimu wa Mtwara mjini. Ikiisha tarehe 20, siku kumi ni za mihogo na mboga za shambani, akaunti haiguswi. Mwezi wa kwanza utauma, na mwezi wa tatu mtaanza kujua sabuni ya mche inakaa siku ngapi. Zitoe zote 60,000 kwa mara moja. Ukitoa elfu tano tano kwa wakala mara kumi na mbili, kila safari unakatwa, na makato hayo kwa mwaka yanatosha daftari za mtoto.

Iweke wapi? Hela ya shamba na ya dharura ikae kwenye akaunti ya akiba ambayo haijaunganishwa na simu. Wengi wanaona ni usumbufu kwenda hadi tawini, na usumbufu huo ndio tunaoutaka. Kabla ya kufungua uliza maswali mawili: kuna makato ya kila mwezi, na kutoa dirishani ni shilingi ngapi. Kadi akae nayo mmoja, namba ya siri aijue mwingine. Kibubu ni cha sarafu na noti ndogo. Laki nne kwenye kibubu cha mbao ni kumtega mtoto wa watu.

Vikoba vinasaidia sana huku, ila vingi vimefungiwa kalenda mbovu. Kikundi kinavunja mzunguko Desemba, hela ya hisa inakutana na hela ya korosho, zote zinamezwa pamoja. Mwezi wa kukusanya mikopo ni kweli Novemba na Desemba, maana ndipo wanachama wana uwezo wa kulipa. Kugawana kusubiri Februari mwishoni, palizi na njaa vikiwa mlangoni. Katikati hapo sanduku linakuwa limejaa, na sanduku lililojaa ndilo linaloibiwa, hata likiwa na kufuli tatu na washika funguo watatu wanaokaa mitaa tofauti. Kwa hiyo Desemba hela ipelekwe benki kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Hisa nayo iwe ndogo, tuseme 1,000, kila mwanachama aruhusiwe kununua moja mpaka tano kwa mkutano: Machi ananunua moja, Novemba tano, na hakuna anayekimbia kwa aibu. Kikundi kisajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne, na usajili unaanzia halmashauri. Kikundi kisichosajiliwa kikidhulumiwa na mweka hazina hakina pa kusimamia.

Adui mkubwa wa hesabu yote hii ni kangomba, yaani kumuuzia mlanguzi korosho kwa bei ya chini nje ya mnada, mara nyingi kabla hazijavunwa. Fanya hesabu hii na mtu aliyebanwa. Machi anapewa 50,000, anaahidi kilo 40 Oktoba. Kwa 2,500, kilo 40 ni 100,000. Amelipa mara mbili ndani ya miezi saba, na mali yake imepita nje ya mnada, jambo ambalo pia ni kosa. Mikopo ya kausha damu ya mjini ni ndugu yake kangomba, inatofautiana tu kwamba inadai kila siku. Ile 200,000 ya dharura ipo kwa ajili ya Machi hiyo: malaria ya mtoto, msiba, mashine iliyokufa. Haina kazi nyingine, na simu mpya si dharura.

Wapo wanaoona dharura ni woga. Wakumbuke msimu wa 2018/19: bei za wanunuzi zilikataliwa, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki ukafuata, na wakulima wengi wakaingia 2019 bila kulipwa. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Dukani hawapokei karatasi.

Kuhusu kujipa moyo, neno "akiba" lenyewe halimvuti mtu. Daftarini andika "bati 20", kisha chora vijumba ishirini na kila bati likinunuliwa weusha kimoja. Mtoto wa darasa la pili anaelewa mchoro huo, na akishauelewa atakuwa mkaguzi mkali kuliko benki. Bati linakaa miaka likisubiri wenzake. Saruji haisubiri: kiwanda kipo hapa hapa Msijute, Mtwara, hakuna sababu ya kuirundika, na mfuko uliokaa miezi mitatu kwenye chumba chenye unyevu unageuka jiwe. Inunuliwe wiki ya kujenga. Mbuzi ni akiba nzuri pia kwa aliye na mchungaji, kwa sababu huwezi kukata robo ya mbuzi kununua vocha.

Wa pwani, Kilwa na Mikindani, wana hesabu nyingine, maana hela yao inafuata maji. Pweza wanatoka bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo fungu la akiba likatwe kila bamvua siku ya kwanza ya mauzo. Kiasi kiwe kilekile hata maji yakiwa mabaya. Asilimia ni rahisi kuidanganya, shilingi 5,000 hazidanganyiki.

Inabaki shughuli. Kumcheza mwali ni heshima na hatumwambii mtu aache. Ila shughuli iwe na daftari lake miezi sita kabla: mchele kilo ngapi, ngoma shilingi ngapi, wageni wangapi, na kikomo. Hela ya kutunzwa usiihesabu kwenye mapato, kwa sababu nayo ni deni, utairudisha kwa mwenzio mwakani. Na hela ya ufuta ikiingia Juni, kabla ya kununua hata kilo moja ya mchele wa shughuli, rudisha kwanza kilichochotwa kwenye dharura, halafu hesabu petroli ya mizunguko ya bloa iliyobaki.