Mguu umevimba, na wewe unaniuliza bei ya diklofenaki

Kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Makambako hadi Tunduma, kwamba dawa ya kawaida ya maumivu inaotesha mishipa mipya ya limfu, ile inayoondoa maji yaliyojikusanya mwilini, na kwa hiyo inaponya matende. Simu yangu imejaa. Nimechagua machache. Yale ya "nimeze ngapi kwa siku" bila umri, bila ugonjwa, bila hata jina la dawa, nimeyafuta, na nitaendelea kuyafuta.

Dokta, shikamoo. Huo ujumbe ni wa kweli? (Mwalimu, Mafinga)

Marahaba, mwalimu. Una chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo iliyowafanya watu waamini yote yaliyobandikwa juu yake.

Dawa yenyewe ni ketoprofeni, ya ukoo mmoja na ibuprofeni na diklofenaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaharibia panya mishipa ya limfu ya mkia ili uvimbe, kisha wakawapa ketoprofeni. Uvimbe ukapungua. Mwaka 2017 walieleza sababu: penye uvimbe wa limfu hurundikana kemikali iitwayo leukotrini B4. Ikiwa kidogo, inasaidia mishipa ya limfu kuchipua. Ikizidi, inaua chembe zinazojenga mishipa hiyo. Ketoprofeni hupunguza utengenezaji wake, na mishipa ikapata nafasi ya kukua upya.

Sasa binadamu. Matokeo yalichapishwa 2018. Katika jaribio la kulinganisha dawa na kidonge kisicho na dawa walikuwamo watu 34, kwa miezi 4. Unene wa ngozi ulipungua, na ngozi yenyewe ilipotazamwa kwa hadubini ilikuwa na hali nzuri zaidi. Ukubwa wa mguu au mkono haukupungua kwa kiasi cha maana. Isome tena sentensi hiyo kabla hujafungua pochi.

Kuna na jambo ambalo aliyesambaza ujumbe hakuliandika. Baadaye ilijaribiwa dawa nyingine, ubenimeksi, inayoilenga leukotrini B4 moja kwa moja. Kwa panya ilifanya vizuri. Kwa wagonjwa wenye miguu iliyovimba jaribio halikufikia lengo lake.

Kama ketoprofeni inafanya hivyo, si na diklofenaki itafanya? Zote ni za maumivu. (Fundi, Uyole)

Hapana, fundi. Hata spana zote ni za kufungulia nati, lakini unajua mwenyewe usipochukua namba yake.

Diklofenaki na ibuprofeni kazi yao kubwa ni kuzuia vimeng'enya vya COX, vinavyotengeneza prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe. Ketoprofeni inafanya hilo, na juu yake inazuia njia ya 5-lipoksijenasi, ambako ndiko leukotrini zinakotoka. Hiyo njia ya pili ndiyo iliyowapa panya nafuu.

Tena prostaglandini zenyewe huchochea mwili kutoa VEGF-C, ile protini inayoamuru mishipa ya limfu ikue, iliyoelezwa 1996 na kundi la Kari Alitalo kule Helsinki. Ukizizuia, mahali fulani mwilini unaweza kuupunguza huo ukuaji badala ya kuusaidia. Kwa hiyo dawa za ukoo mmoja zinaweza kuvuta pande mbili tofauti, kutegemea ni dawa ipi, ugonjwa upi na wakati gani. Anayekwambia "zote ni zilezile" anataka kuuza alichonacho kwenye shelfu.

Mama yangu alitolewa titi kwa sababu ya saratani. Sasa mkono wa upande ule umevimba. Nimnunulie ketoprofeni? (Binti, Njombe)

Usimnunulie, mwanangu. Mrudishe kwanza hospitali walikomtibu, hata kama nauli inauma. Mkono kuvimba baada ya kutolewa tezi za kwapani au kuchomwa mionzi ni jambo la kawaida, lakini mkono huohuo unaweza kuvimba kwa damu kuganda kwenye mshipa, au kwa saratani kurudi. Kidonge cha maumivu kitamtuliza vya kutosha asiende, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Wakithibitisha ni limfu tu, msaada wake unajulikana: bandeji za kubana zinazofungwa na mtu aliyefundishwa, mazoezi ya mkono, kuinua mkono, kuosha na kupaka mafuta ngozi isipasuke. Kidonda kidogo cha kisu wakati wa kumenya viazi kioshwe siku hiyohiyo.

Na kwa kuwa mtauliza: ndiyo, kwenye saratani hadithi inageuka. Uvimbe wa saratani huitumia mishipa ya limfu kama njia ya kusambaa, na watafiti wa Melbourne walionyesha 2012 kwamba kwa panya, dawa za ukoo huu zilipunguza usambaaji kwa kuizuia mishipa mikubwa ya limfu kutanuka. Hayo ni ya panya. Hakuna aliyekuruhusu kumtibu mama kwa habari za panya, iwe za Stanford au za Melbourne.

Nina matende miguu yote miwili. Nikimeza diklofenaki maumivu yanaisha lakini miguu inazidi. Kwa nini? (Mkulima, Makete)

Nani alikwambia ni matende? Makete ni baridi, na minyoo ya matende huenezwa na mbu. Kama hukuwahi kuishi pwani au bondeni kwenye joto, nina shaka.

Miguu yote miwili kuvimba, ukibonyeza kinabaki kishimo, inanifanya nifikirie moyo, figo na ini kwanza. Na diklofenaki huzuia chumvi na maji yasitoke, hupandisha presha, huumiza figo. Huenda hicho kidonge chenyewe ndicho kinachoongeza uvimbe. Acha leo, nenda kapimwe presha, mkojo na damu.

Kama umelima miaka mingi peku kwenye udongo mwekundu wa volkano, kuna ugonjwa mwingine, podokoniosisi, usio na minyoo wala mbu. Chembechembe za udongo ndizo zinazoharibu limfu. Ethiopia wanaujua sana. Jaribio la huko kaskazini, lililochapishwa 2018, lilionyesha kwamba kuosha miguu kwa sabuni, mafuta, bandeji, soksi na viatu hupunguza zile homa za mguu kuwaka moto. Hakuna duka la dawa litakalokutangazia sabuni.

Deksa nayo si inaondoa uvimbe? Mbona hujaitaja? (Msomaji, Iringa mjini)

Nilijua itakuja. Deksamethasoni ni dawa ya maana ikishikwa na anayejua. Kwa panya imeonyeshwa kuzuia mishipa ya limfu kuota kwenye jicho, yaani kinyume cha mnachokitafuta.

Lakini hofu yangu iko kwingine. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, na kuna saratani inayowaandama wenye VVU, iitwayo Kaposi, inayoanza na madoa meusi au ya zambarau na mguu kuvimba. Dawa za jamii ya deksa huichochea. Na wapo mnaoimeza ili mnenepe na kung'aa, au mnauziwa imesagwa ndani ya unga wa "mitishamba" unaoondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili. Mtishamba wa kasi hiyo, uogope. Ila kama umeimeza kwa wiki nyingi usiache ghafla. Mwone daktari akupunguzie taratibu.

Nina ujauzito wa miezi sita, naweza kumeza yoyote kati ya hizo? (Tunduma)

Hapana, hata moja, mpaka kliniki yako iseme.

Daktari wa mifugo alimchoma ng'ombe wangu ketoprofeni, chupa imebaki nusu. Naweza kuitumia kwa mguu wangu? (Mfugaji, Tukuyu)

Ile ina miligramu 100 katika kila mililita, na imepimwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Mrudishie chupa yake. Ukifika kwake, muulize pia kama maziwa unayoyapeleka sokoni asubuhi hii yameruhusiwa baada ya sindano hiyo.