Tresa ya transista kwa fundi wa kawaida: usinunue, jenga

Mkuu wa Makambako, umeuliza utapata wapi tresa ya transista (kifaa kinachochora kwa grafu jinsi transista inavyopitisha mkondo) kwa bei nafuu, maana umechoka kufunga transista mpya za nguvu za 2SC5200 kwenye amplifaya za kanisa halafu zinalipuka siku hiyo hiyo. Mimi ni fundi hapa Mbeya na ugonjwa huo naujua vizuri. Mvua zikianza mwezi wa 11, radi za huku kwetu zinajaza meza amplifaya na inverta, na kinachokula muda si kutafuta kilichoungua. Ni kupata transista ya kweli ya kuweka pale.

Kwa hali yako, usitafute ya kununua. Mashine kubwa za Tektronix, 575 ya mwaka 1957 na 576 ya mwaka 1969, ni kazi za kuheshimika, na hiyo 576 inafika volti 1500 kwenye kolekta (mguu wa transista unaobeba mkondo mkubwa). Lakini ni mzigo wa kilo 30 hivi, iliacha kutengenezwa zamani, na kuisafirisha mpaka huku kutakuumiza kabla hujaiwasha. DCA75 ya kampuni ya Peak ya Uingereza ni ndogo, unaichomeka kwenye kompyuta na inachora mistari safi kabisa. Kama kazi yangu ingekuwa ya transista ndogo kama BC547 tupu, ningeinunua. Ila inapima kwa miliampea kumi na kidogo, na wewe unahangaika na transista ya ampea 15.

Tatizo hilo hilo liko kwenye vile vipima vya Kichina vyenye kioo kidogo, vinavyotumia chipu ya ATmega328. Asili yake ni mradi wa Mjerumani Markus Frejek, baadaye Karl-Heinz Kübbeler akauendeleza. Ninacho kimoja na sikiachi: kinakwambia beisi (mguu wa kuongozea) ni upi, kama ni NPN au PNP (aina mbili ambazo mkondo wake unapita kinyume), kama imekufa. Lakini kinapima kwa volti 5 kupitia risista ya ohmu 680, kwa hiyo mkondo haufiki hata miliampea 8. Transista feki inapita hapo bila wasiwasi wowote.

Angalia 2SC5200 halisi ya Toshiba inavyotakiwa kuwa: volti 230, ampea 15, wati 150, geini (mara ngapi mkondo wa kolekta unazidi ule wa beisi) kati ya 55 na 160 kwenye ampea 1, na isishuke chini ya 35 kwenye ampea 7. Feki nimezibana kwenye jiliwa nikavunja plastiki nione ndani. Kipande cha silikoni ni kidogo mno ukikiweka kando ya kile cha halisi. Kwa mkondo mdogo geini yake inaweza hata kuipita ya halisi. Ipeleke ampea 2 au 3, inaporomoka. Kwenye grafu huhitaji hesabu: mistari ya halisi imeachana kwa nafasi zinazokaribiana kutoka chini mpaka juu, ya feki inaanza vizuri chini halafu huko juu inabanana, kila unapoongeza beisi kolekta inaongeza kidogo kuliko mara iliyotangulia. Hicho ndicho unachokihitaji, na multimita haiwezi kukuonyesha.

Sasa ujenzi. Tafuta oskiloskopu ya chaneli mbili yenye X-Y, yaani chaneli moja (X) inasogeza picha kulia na kushoto, nyingine (Y) juu na chini. Ya zamani ya megahezi 20 inatosha na kubaki. Oskiloskopu ndogo ya DSO138 isikuvutie kwa bei yake, ina chaneli moja tu.

Upande wa kolekta, chukua transfoma ya volti 24 kutoka amplifaya iliyokufa, weka daraja la dayodi nne, na usiweke kapasita ya kuchuja. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo unapata mawimbi 100 kwa sekunde, kila moja linapanda kutoka sifuri mpaka volti 34 hivi na kurudi. Kila wimbi linachora mstari mmoja. Risista ya ohmu 10, wati 50, ikiwa kabla ya kolekta inazuia mkondo usipite ampea 3.4. Kwa transista ndogo weka ya kilo-ohmu 1.

Upande wa beisi, IC ya 4024 inahesabu mawimbi, na risista zilizopangwa kwa mtindo wa R-2R (za thamani mbili, moja mara mbili ya nyingine) zinageuza hesabu kuwa ngazi za volti. Ukitumia ngazi 8, picha inajirudia mara 12.5 kwa sekunde na kioo kinapepesa mpaka macho yanachoka. Mimi natumia ngazi 4. Weka opampu na transista ya BD139 baada ya hapo, kwa sababu transista yenye geini 80 ikitoa ampea 3 inadai karibu miliampea 40 kwenye beisi.

Kinachowakwamisha wengi ni ardhi. Ardhi ya oskiloskopu iende kwenye emita (mguu wa tatu wa transista). X iende kwenye kolekta. Kati ya emita na hasi ya daraja weka risista ya ohmu 0.1, na Y ishike ule upande wa hasi. Grafu itakuja kichwa chini, bonyeza kitufe cha kugeuza chaneli. Mzunguko wa ngazi uwe na transfoma yake ndogo, hasi yake iishie kwenye emita, na mapigo ya kuhesabu uyachukue humo humo. Transfoma zote mbili zikiwa kwenye soketi moja, zinakwenda pamoja zenyewe. Kwa PNP kama 2SA1943 unageuza daraja na ngazi kwa swichi. Na kamwe usilishe kolekta moja kwa moja kutoka kwenye laini ya umeme.

Funga transista kwenye hitisinki na tumia swichi ya kubonyeza, sekunde mbili unaachia. Ukiona mstari mmoja umekuwa miwili, unapanda kwa njia moja na kushuka kwa nyingine, hilo ni joto. Iache ipoe.

Kwa transista za inverta, ambazo ni MOSFET, toa volti za ngazi kwenye geti (mguu wake wa kuongozea) kupitia risista ndogo. IRF3205 inaanza kufunguka kati ya volti 2 na 4, kwa hiyo nyanyua ngazi zianzie hapo. Zinazokaa sambamba upande mmoja, chagua zenye mistari inayofanana.

Kuna kipimo kingine ninachokifanya kwa kila 2SC5200 kabla ya kulipa, kama muuzaji anakubali: unganisha transfoma mbili za volti 12 kwa upande wa volti 12, upande wa pili upitishe kwenye dayodi na kapasita, kisha risista ya kilo-ohmu 220 mpaka kolekta, beisi ikiwa imefungwa na emita. Pale kwenye kapasita pana karibu volti 300 na pana hatari, usipaguse. Multimita kati ya kolekta na emita ikikwama chini ya volti 230, mrudishie.

Ukishapata oskiloskopu, andika hapa aina yake na volti za transfoma uliyonayo, nikupigie hesabu ya risista.