Uliza Dokta: Gari haliwaki

SWALI: Habari dokta. Mimi ni dereva wa fuso, miaka 47, nina mke na watoto wanne. Toka mwishoni mwa mwaka jana mambo ya chumbani hayaendi, yani kitu kinaanza vizuri katikati kinalala, siku zingine hakiamki kabisa. Wife mwanzo alinyamaza, sasa hivi anauliza kama nina mchepuko. Supu ya pweza nimekunywa, mkuyati nimekunywa, kuna jamaa wa stendi akaniuzia vumbi la Kongo moyo ukanienda mbio nikajua leo nakufa. Hospitali naona aibu, nikimkuta dokta binti namwambiaje? Kwingine niko fiti tu, labda hii ya kuamka usiku mara tatu kukojoa, ila hiyo ni maji, nakunywa sana sababu ya joto la kwenye gari.
Dereva, Morogoro

JIBU: Kaka dereva pole, ila mimi nimeanza kusoma hapo mwisho ulipopadharau. Mtu wa miaka 47 anayekunywa maji hivyo na kuamka mara tatu usiku, kabla sijamuuliza ya kitandani namtoboa kidole nimpime sukari. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu na ya damu, na uume kusimama ni damu kuingia na kubaki humo, sasa mabomba yakiharibika unategemea nini? Tena mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo kwahiyo inaanza kulalamika mapema, wapo wanaume tatizo hili limewatangulia kwa miaka 2 hadi 5 ndio moyo ukaja kusumbua.

Kuhusu aibu, sema tu "dokta, nguvu za kiume zimepungua", basi, hata akiwa binti ataendelea mwenyewe, kashasikia makubwa zaidi ya hayo. Atauliza lilianza ghafla au taratibu, na alfajiri ukiamka kinasimama chenyewe? Hili swali watu wanachekaga lakini lina kazi yake, maana kama alfajiri kinasimama vizuri mishipa huwa haina shida kubwa, tunageukia mawazo, madeni, ugomvi wa nyumbani, kukosa usingizi. Atauliza sigara, pombe, na dawa unazomeza, kwasababu baadhi ya dawa za presha na za sonona zinachangia (usiziache kienyeji, atakubadilishia yeye). Halafu presha, atakagua sehemu zenyewe dakika mbili hivi, na damu: sukari, mafuta, pengine na homoni ya kiume, testosteroni, ambayo damu yake inachukuliwa asubuhi kwasababu ndio inakuwa juu.

Matibabu yanafuata kilichoonekana. Kama ni sukari tunaishusha, na juu yake unaweza kupewa sildenafil, kidonge cha kusaidia uume kusimama kilichoruhusiwa Marekani 1998 baada ya kujaribiwa kwanza kwa maumivu ya kifua. Unameza kama saa moja kabla, ukiwa umeshiba chipsi mayai kinachelewa, na hakileti hamu, hamu uje nayo mwenyewe. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati asikiguse kabisa, presha inaweza kuporomoka akafa. Ndio maana hayo mavumbi ya stendi yananitisha, unga na kahawa za aina hiyo zikipelekwa maabara kuna zilizokutwa zimechanganywa sildenafil kimya kimya, hujui umelamba kiasi gani. Pweza endelea naye, kitoweo kizuri yule, ila hatibu.

Wife mwambie ukweli leo hii, anachowaza yeye ni kibaya kuliko ugonjwa wenyewe, na ikiwezekana nenda naye. Kesho asubuhi kabla hujanywa chai wala kuwasha fuso pitia kituo cha afya kapime sukari na njaa hiyo hiyo, ikisoma 7 (kwa kipimo cha mmol/L) kwenda juu usirudi barabarani kabla hujaonana na daktari.